Mtoto Asiyejua Kusalimu si Mlozi

 

Tunao kati yetu watoto ambao mgeni akiingia katika lupango hawasalimu. Wanaangalia chini. Wengine wanacheka kwenye kilio, ao wanarudilia neno lile lile siku nzima. Wenzao wanawafukuza mchezoni, na wakubwa wananong'ona: huyu mtoto si bure. Tokea neno hilo, njia ya kwenda kulala barabarani ni fupi. Katika inchi yetu watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi.

Tusome Yohana 9. Wanafunzi walipoona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyefanya zambi, yeye ao wazazi wake. Bwana alikataa ulizo lile. Hakutafuta mkosaji, alimsaidia mtu. Na Musa je? Katika Kutoka 4 alisema ulimi wake ni mzito. Mungu hakumtupa, alimpa Haruni ndugu yake. Basi, kila mtoto wa namna hii anahitaji Haruni wake.

Mwaka wa 1943, daktari Leo Kanner aliandika huko Marekani juu ya watoto 11 wenye hali inayoitwa otismu. Kile ambacho wengine wanajifunza kwa kuangalia tu uso wa mama, mtoto wa hivi anapaswa kuelezwa kwa maneno. Lakini si kila mtoto anayenyamaza anayo hali hiyo. Mwingine hasikii vizuri, mwingine ameona mabaya. Kwa hiyo tumpeleke kwa daktari pia.

Nyumbani tumfundishe jambo moja moja. Mama amwambie: "Uso wa yaya yako umekunjamana. Amekasirika kwa sababu umekula bukari yake." Mwalimu Carol Gray wa Marekani, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, alifundisha kutumia hadithi fupi. Sisi pia tunaweza: "Siku ya Yenga kanisani kuna watu wengi, na ngoma zinalia. Masikio yakichoka, ninatoka na yaya. Kisha tunarudi." Tumsomee mpaka azoee. Acheze na mwenzake mmoja mpole, si kumi. Akifaulu, tumsifu, akikosa, tumwonyeshe tena, bila fimbo.

Ninyi vijana, msimcheke mwenzenu mbele ya wasichana. Mpeni kazi pamoja nanyi, hata kupanga viti.

Na ninyi wenye karama ya kuona, karama ni ya kujenga. Kumnyima mtoto chakula, kumtia pilipili machoni, kumpiga mpaka akubali ulozi, hayo si maombezi. Katiba ya 2006, kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu. Tena mbele ya sheria ya watu kuna Marko 10: Bwana aliwakasirikia wale waliozuia watoto wasimfikie. Tusisimame mahali pao.

Bwana atupe uvumilivu wa kufundisha mara mia, na kila lupango la Shituru liwe kimbilio la mtoto. Amina.