Mbwa Aogopaye Mkono

Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, watu walikimbia wakiwabeba watoto wao, na wengi walipoteza nyumba na vyombo. Siku kama hizo nani humkumbuka mbwa?

Basi natuweke mfano. Maji yakiisha kupungua, mbwa asiye na mtu afika mlangoni pa mvuvi wa Kalundu. Mbavu zake zahesabika, na shingoni ana kidonda cha kamba, kidonda cha siku nyingi. Yaani aliteswa hata kabla ya mafuriko. Mvuvi huyo yampasa kufanya nini?

Jirani atasema, "Watoto hawajashiba, nawe walisha mbwa?" Neno hilo si la kudharauliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Tena yafundisha kwamba fedha ipasayo kuwaondolea watu taabu isitumiwe kwa wanyama. Kwa hiyo watoto na wale kwanza. Lakini ukoko wa ugali uliobaki chunguni haumpunguzii mtoto kitu.

Mbwa apewe kidogo kidogo, maana tumbo lililozoea njaa huumia likijazwa ghafula. Watoto wakae mbali naye, kwa sababu mwenye hofu huuma. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile: kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili, mgonjwa hufa.

Hayo ni mepesi. Juma la pili mvuvi ainua mkono kutundika wavu. Mbwa ajilaza chini, atetemeka, ajikojolea. Mvuvi akasirika: "Nimemlisha, kumbe hanijui!"

Je, mbwa amemkosea? Hata kidogo. Machoni pake mkono uliompiga na mkono unaomlisha ungali mmoja. Naye mvuvi, akidai shukrani upesi namna hii, hakutoa chakula, alikopesha. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, tangu mwaka 2002 hutunzwa sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Wengine hufika wachanga, mama zao wameuawa na watu, na ni watu tena wawatunzao. Walezi hawawezi kuwaamuru wasiogope. Hungoja.

Kuna swali gumu zaidi. Ikiwa aliyempiga ni mvuvi mwenyewe, naye sasa ajuta kweli? Majuto yake ni mema, lakini hayamfungi mbwa. Huenda mnyama yule asimkaribie mpaka kufa, wala mvuvi hana haki ya kumshtaki kwa hilo. Jioni amwekee chakula chini ya mwembe, aingie ndani, aurudishe mlango.