Mtoto Aliaye Usiku: Aachwe au Aitikiwe?



Liko swali liulizwalo katika nyumba nyingi za Kishanda, na walimu wa mitaa huulizwa mara kwa mara na wazazi vijana. Mtoto mchanga aamka usiku wa manane akilia. Bibi yake asema, "Mchukue, mwanangu, umnyonyeshe." Ndugu aliyerudi kutoka mjini asema, "Mwacheni alie, atazoea. Mkimchukua kila mara mtamdekeza." Mwenye nyumba, aliyechoka kwa kazi ya migomba na kahawa, ageukia ukutani na kusema, "Mnyamazishe huyo." Na mama, aliye katikati ya maneno hayo matatu, hajui alifuate lipi.

Wengine watasema kwamba jambo hili ni la wanawake tu, halifai kuandikwa gazetini. Sisi hatuoni hivyo. Ndani yake mna swali kubwa lituhusulo sote: tunadaiwa nini na mtu asiyeweza kutuomba kwa maneno, wala kutulipa, wala hata kuyakumbuka tuliyomtendea?

Tuanze na kilio chenyewe, maana hukumu ya haki huanza kwa kumjua mshitakiwa. Mtoto aliyezaliwa juzi hajui usiku wala mchana. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama huyeyushwa upesi. Baada ya saa mbili au tatu aona njaa tena. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lasema kwamba mtoto wa tangu kuzaliwa hata miezi 3 ahitaji usingizi wa saa 14 mpaka 17 katika siku nzima, na wa miezi 4 mpaka 11 saa 12 mpaka 16. Basi si kweli kwamba mtoto mchanga halali. Alala sana, ila alala vipande vipande. Utaratibu wa mwili utenganishao usiku na mchana hujengeka polepole katika miezi ile ya kwanza, wala hauharakishwi kwa hasira ya mtu.

Sasa tufikiri. Ili tendo liitwe kosa, yataka mambo mawili: mtendaji ajue, tena aweze kutenda vingine. Mtoto wa miezi miwili hana hata moja la hayo. Hajui kwamba baba yake ataamka alfajiri kwenda shambani, wala hawezi kuizuia njaa yake mpaka kupambazuke. Kwa hiyo wamwitao mkaidi wamtwika kosa asilolitenda. Hatusemi kwamba mtoto si mwanadamu kama sisi, mwenye udhaifu wetu sote. Twasema tu kwamba kilio chake cha usiku si uasi. Ni ombi, nalo ndilo neno la pekee alilo nalo.

Lakini mtu atajibu, "Samaki mkunje angali mbichi." Mithali hii ni ya kweli, nasi hatuipingi. Hata hivyo, akunjaye samaki hutazama asimvunje. Malezi ni kumwongoza mtu kwa kadiri ya uwezo wake, nao uwezo huja kwa wakati wake.

Yafaa tujue pia shauri hili la kumwacha mtoto alie limetoka wapi. Mwaka 1894 daktari mmoja wa Marekani, Luther Emmett Holt, alitoa kitabu cha malezi kilichosomwa na akina mama wengi wa huko, naye aliwafundisha wamwache mtoto alie mpaka anyamaze mwenyewe. Mwaka 1928 John Watson, mwalimu wa elimu ya nafsi, alikwenda mbali zaidi. Aliwaonya wazazi wasimbusu mtoto wala kumpakata. Watu hao hawakuwachukia watoto. Waliishi katika nchi ya viwanda na saa za ukutani, ambako mtoto alilala peke yake katika chumba chake, na mambo yote yalipimwa kwa saa. Shauri lao lina asili yake, kama vile shauri la bibi zetu lina asili yake. Wala moja si amri kwa kuwa limechapwa kitabuni, wala jingine si ujinga kwa kuwa halikuandikwa.

Tutazame na kwa jirani zetu. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness walikaa kwa Wakipsigis wa Kenya wakiwachunguza watoto wachanga. Waliona kwamba watoto wa Marekani, wafikapo miezi minne, huweza kulala saa nane mfululizo usiku. Lakini watoto wa Kipsigis, waliolala ubavuni mwa mama zao na kunyonya watakapo, walikaa miezi mingi wakilala kwa vipande vya saa nne na nusu hivi. Wala mama zao hawakuliona jambo hilo kuwa ugonjwa. Hapo twajifunza kwamba "kulala usiku kucha" si sheria iliyoandikwa katika mwili wa mtoto, ila kwa sehemu kubwa ni desturi ya nyumba aliyozaliwa.

Na karibu zaidi nasi, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, Mary Ainsworth alizitembelea jamaa 26 za Waganda karibu na Kampala katika miaka ya 1954 na 1955, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Aliona kwamba mama awezaye kueleza tabia za mtoto wake kwa undani, yaani mama aliyemtazama na kumsikiliza, mara nyingi mtoto wake alikuwa mtulivu, akithubutu kutambaa mbali kwa kuwa alijua pa kurudi. Baadaye huko Marekani, mwaka 1972, yeye na Silvia Bell waliandika kwamba watoto walioitikiwa upesi katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi mwaka ulipokaribia kwisha. Wataalamu wengine walibishana nao. Hata hivyo neno hili linastahili kufikiriwa: huenda yule tuliyeogopa kumdekeza ndiye aliyejifunza kutulia, kwa kuwa alijua kwamba akiita atasikiwa.

Tusiwe watu wa upande mmoja. Wako wazazi waliomfundisha mtoto mkubwa kidogo kulala kwa njia ya taratibu, wakimwacha kitambo kifupi na kurudi kumtuliza. Huko Australia watoto ambao wazazi wao walifundishwa njia za namna hiyo, tangu miezi saba hivi, walichunguzwa tena walipokuwa na miaka sita. Taarifa ya mwaka 2012 yasema hawakuonekana na madhara yo yote, wala faida iliyodumu hata wakati huo. Kwa hiyo mzazi amfundishaye hivyo mtoto aliyepita nusu mwaka, aliye mzima na mwenye kushiba, tusimwite mkatili. Lakini mtoto mchanga kabisa ni mwingine, huyo aitikiwe.

Kuitika maana yake nini? Si kumpa titi kila anapojinyoosha. Mtoto hugeuka na kuguna katika usingizi wake, na pengine hulala tena akiachwa kidogo. Msikilize kwanza. Akilia kweli, mwendee. Mchana akae penye mwanga na sauti za watu. Usiku taa iwe ndogo, maneno yawe machache, asichezeshwe. Kila jioni mambo yafuatane kwa utaratibu ule ule: kuoga, kunyonya, wimbo wa kubembeleza, kulala. Alazwe angali anasinzia, ili ajue mahali pake pa kulala. Alazwe chali, si kifudifudi. Nchi zilizowafundisha wazazi neno hili moja tangu miaka ya 1990 zimeona vifo vya ghafula vya watoto usingizini vikipungua sana. Nguo nzito zisimfunike uso. Na kama kilio kimebadilika, au mwili una moto, au hataki kunyonya, msikae kubishana kama ni mchango. Mpelekeni zahanati usiku ule ule.

Chandarua nacho kisisahauliwe. Nchi yetu ya Muleba inajulikana katika jambo hili, maana hapa mwaka 2015 yalianza majaribio ya vyandarua vyenye dawa ya kawaida pamoja na dawa ya pili, iwashindayo mbu waliozoea ile ya kwanza. Watoto waliolala chini ya vyandarua hivyo walipatwa na malaria kidogo kuliko wenzao wenye vyandarua vya kawaida. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaanza kuvipendekeza kwa nchi nyingine. Basi lingekuwa jambo la aibu watoto wa ulimwengu wafaidiwe na usiku wa Muleba, na chandarua cha nyumbani kwetu kifunike vifaranga.

Kuna na njia za mkato, ambazo hatuwezi kuziita malezi. Wako wampao mtoto dawa ya kikohozi ili asinzie, au kidole cha lubisi mdomoni. Wako wampao uji katika mwezi wa pili au wa tatu wakisema maziwa hayamtoshi, hali yapasa anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Wako, na hili ni baya kuliko yote, wamtikisao mtoto kwa hasira. Nao ubongo wake ni laini, waweza kuumia asipone kamwe. Katika hayo yote mzazi hamtafutii mtoto usingizi, ajitafutia kimya. Usingizi ni mali ya mtoto. Kimya ni mali yetu. Tusimnyang'anye kile chake ili tupate hiki chetu.

Sasa twafika mahali pazito zaidi. Tumesema mtoto aitikiwe. Je, aitikiwe na nani? Ni rahisi mchungaji kuandika kwamba mtoto asiachwe, kisha akalala fofofo, na mzigo wote ukabaki kwa mwanamke mmoja. Someni tena kisa cha wale wanawake wawili waliosimama mbele ya Sulemani, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 3. Twakumbuka upanga na hekima ya mfalme. Tumesahau kwamba shauri lile lilianza usiku, mama alipomlalia mwanawe hata akafa. Na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine ila wao wawili na watoto wao. Hapakuwa na mume, wala bibi, wala jirani wa kusema, "Lala kidogo, mimi nitampakata." Hapa kwetu mama na mtoto hulala kitanda kimoja, nasi hatuikatai desturi hiyo, lakini kila mtu ajue kwamba aliyekunywa pombe asilale na mtoto mchanga, na aliyechoka kupita kiasi yu hatarini, yeye na mtoto.

Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za mapumziko, na baba siku 3. Mwanamke wa shambani hana hata hizo, isipokuwa azipewe na watu wa nyumbani mwake. Basi ninyi akina baba, hamwezi kunyonyesha, lakini mwaweza kumbadilisha mtoto nguo, kumbeba baada ya kunyonya, kuteka maji, kupasua kuni, na kumwacha mke wenu alale saa mbili mchana pasipo kumwuliza chakula ki wapi. Mkono mmoja haulei mwana. Nanyi walimu, mnapokwenda kumsalimu mzazi na kumwombea, tazameni macho yake. Kama hajalala siku nyingi, sala yenu na iambatane na mtu wa kumsaidia kazi.

Tena twamwambia mama mwenyewe: ikiwa usiku fulani umefika mwisho wa nguvu zako, na hasira yapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje mlangoni, vuta pumzi, mwite mtu. Dakika chache za kilio hazitamdhuru. Huko si kumtupa. Mtoto aliaye huku mama yake akijikusanya nguvu mlangoni hajaachwa. Aliyeachwa ni yule ambaye kilio chake hakimhusu mtu.

Hilo ndilo jibu letu kwa swali tulilolianza. Si kosa mtoto kulia, wala si kila kilio kikomeshwe papo hapo. Kosa ni kilio kisichokuwa na mwenyewe. Nacho kilio cha mtoto mchanga ni cha nyumba nzima, si cha mama peke yake.

Mtoto huyo hatakumbuka hata usiku mmoja wa hizo. Hatakuja kutushukuru kwa sababu hajui. Lakini nasi pia tulilia usiku, na mtu aliamka, nasi hatumkumbuki akiamka. Wengi wetu waliotuamkia wamekwisha kulala makaburini, deni letu kwao halilipiki tena kwao. Twaweza kulilipa kwa huyu mdogo aliaye sasa, na kwa mama yake aliyechoka.

Mungu awape watoto wenu usingizi mwema, na ninyi mioyo ya kuamka.