Vituo vya Njiani



Binti yangu alizaliwa hapa Kiryandongo. Juzi aliniuliza tulifikaje huku, nami nikamtajia vituo tu: Eldoret, Turbo, Webuye, Bungoma, Busia, Bulumbi, kambi ya Mulanda kule Tororo, kisha malori ya kuja huku, mwaka 2008. Akaandika yote kwenye daftari lake. Nikashukuru hakuuliza zaidi.

Je, mzazi ana haki ya kuficha sehemu ya njia?

Wazee wengine husema tusiwatwike watoto habari za waliotufukuza. Nawaelewa. Vurugu zile ziliua watu zaidi ya 1,100, na chuki hurithiwa upesi kuliko shamba. Lakini Wacherokee wa Marekani, walioondolewa na jeshi katika nchi yao mwaka 1838, hawakuiacha njia yao ipotee. Vijana wao huifuata kwa baiskeli kutoka Georgia mpaka Oklahoma, wakisimama penye makaburi. Na pale Bulumbi, mzee aliyetulaza nyumbani kwake alitusimulia kwamba mwaka 1970, serikali ya Obote ilipowafukuza wafanyakazi Wakenya, aliwaona wakipita na mizigo kichwani, wakielekea kule kule tulikotoka sisi. Njia ni ile ile! Nadhani ndiyo maana alitufungulia mlango bila kutuuliza kabila.

Mimi nilijitetea kwa Hesabu 33. Musa anaorodhesha vituo vya safari, anataja Refidimu pasipokuwa na maji, anataja mlima alikofia Haruni, lakini pale Sinai anapita kimya. Ndama wa dhahabu hayumo. Basi, nikasema, nami naweza kupita Turbo kimya. Ila ndama yumo katika Kutoka 32, na Haruni ametajwa kwa jina lake. Orodha fupi haikufuta habari ndefu.

Pale Turbo, kwenye kizuizi, vijana walipanda lori wakaniuliza kama namjua mzee niliyeketi naye. Ndiye aliyenifundisha useremala. Nikasema simjui. Wakamshusha.

Miaka yote hii nimesema nanyamaza ili binti yangu asijifunze kuchukia watu. Kumbe mtu niliyekuwa namficha ni mimi.

Jumamosi nilimwomba daftari lake. Kati ya Turbo na Webuye hakuacha nafasi hata ya mstari mmoja. Nimemtuma dukani alete karatasi nyingine, akirudi tutaketi.