Ujira wa Mwuguzi na Bei za Mahali

Habari ya Msamaria mwema twaijua sote tangu siku za katekisimu. Twajua jinsi kuhani alivyopita kando, na Mlawi vivyo hivyo, na jinsi yule mgeni alivyomhurumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akamfunga majeraha yake na kumpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Lakini mahubiri mengi huishia njiani, hayafiki kwenye nyumba ya wageni. Na huko ndiko Mwinjili Luka atuonyeshapo jambo tunalotaka kulitazama leo: kwamba kesho yake Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ili amwuguze mgonjwa, tena akaahidi kuwa gharama yo yote itakayozidi ataileta mwenyewe wakati wa kurudi.

Dinari moja, kama tuonavyo katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, ilikuwa ujira wa siku nzima. Basi Msamaria alitoa ujira wa siku mbili. Hakumwambia mwenye nyumba awe na huruma kama yeye na kungojea thawabu mbinguni. Huruma ilikuwa ya Msamaria. Kazi ya kukesha, ya kuchemsha maji na kubadili vitambaa ilikuwa ya mtu mwingine, naye akailipia. Wala hakuweka kiasi kimoja akasema yamekwisha. Aliiacha hesabu wazi, ipate kufuata gharama halisi ya mahali pale.

Twayakumbusha haya kwa sababu ya wauguzi wetu. Katika Tanzania mwuguzi wa Serikali hulipwa kwa ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, na ngazi hizo ni zile zile nchi nzima. Aliyepangiwa Temeke na aliyepangiwa Kibondo, wakiwa na cheti kimoja na miaka ile ile ya kazi, wana mshahara wa msingi ulio sawa. Kwa mtazamo wa kwanza hiyo ni haki kamili. Nasi hatudharau kanuni hiyo hata kidogo, maana imesaidia kuilinda nchi yetu na upendeleo wa mkoa huu juu ya mkoa ule. Lakini shilingi haina nguvu moja kila mahali. Watu wawili waweza kupokea fedha sawasawa, mmoja akashiba na mwingine akalala na deni.

Mwuguzi wa Dar es Salaam hununua kila kitu, hata mchicha. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajatoa ufunguo, na mwuguzi huyu ndiyo kwanza ameanza kazi, mshahara wa kwanza hajauona. Nyumba zilizo karibu na hospitali hazimudu. Basi hupanga mbali, Mbagala au Chanika, apande daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Na akitoka zamu ya usiku hufika kwake jua limekwisha kuwa kali, watoto wamekwenda shule bila kumwona mama yao. Mwenzake wa Songea au Njombe aweza kupata vyumba viwili kwa fedha chache kuliko chumba kimoja cha mjini, tena akilima ekari moja ya mahindi hanunui unga.

Je, basi, wa mjini aongezwe na wa shamba aachwe alivyo? La hasha. Mambo si mepesi hivyo, na wale wasemao kwamba maisha ya kijijini ni rahisi, mara nyingi ni watu wasioishi kijijini. Mtazame mwuguzi wa zahanati ya kisiwa katika Ziwa Viktoria, au wa kijiji cha ndani ambako masika hukata barabara. Sukari, sabuni na saruji humfikia zikiwa zimebeba nauli ya kivuko na ya lori. Mtoto wake akifaulu kwenda sekondari, pengine hana budi kulala bwenini, na gharama za bweni hutoka katika mshahara ule ule. Mwuguzi wa mjini aweza kupata zamu ya ziada katika zahanati ya mtu binafsi. Wa kijijini hana pa kuipata. Tena huyu mara nyingi yuko peke yake, mchana na usiku, na mama mjamzito akigonga mlango saa nane za usiku hakuna wa kumwandikia saa hizo katika daftari lo lote. Gharama yake haionekani sokoni. Yaonekana katika nauli, katika usingizi, na katika upweke.

Kwa hiyo twaona kwamba madai ni mawili, wala hayafanani. Mmoja alemewa na kodi ya nyumba, mwingine alemewa na umbali. Kuwapa wote wawili nyongeza ya asilimia moja ni kutowajibu wote wawili. Mwaka 2025, siku ya Mei Mosi, Rais alitangaza huko Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai ya mwaka huo. Twalipongeza tendo hilo kwa moyo. Lakini hicho ni kima kimoja cha nchi nzima, na swali letu lingali pale pale. Katika kazi za watu binafsi nako viwango vya chini vyapangwa kwa aina ya kazi, si kwa mahali.

Nchi nyingine zimejaribu njia zao. Jirani zetu wa Kenya hutofautisha kima cha chini kwa mahali: Nairobi na miji mikubwa huwa juu, vijijini huwa chini, na posho ya nyumba ya watumishi wa umma nayo hufuata mji. Uingereza, katika mpango wa mishahara ulioanza mwaka 2004, ina ngazi za taifa kama sisi, lakini mwuguzi wa London ya ndani huongezewa asilimia 20 ya mshahara wa msingi, wa London ya nje asilimia 15, na wa pembezoni mwake asilimia 5, kwa mipaka ya chini na ya juu iliyowekwa. Hata hivyo nyongeza hiyo haikutosha kuleta amani, maana Desemba 2022 wauguzi wa huko waligoma kwa ajili ya mshahara, na wa London wakiwamo.

Katika habari za Uingereza liko jambo moja lililotushtua. Wachumi watatu, Emma Hall, Carol Propper na John Van Reenen, walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wao juu ya hospitali za huko. Waliona kwamba mahali ambapo kazi nyingine zililipa vizuri, na mshahara wa mwuguzi umefungwa na kanuni ya taifa, hospitali zilikosa wauguzi wa kudumu zikategemea wale wa muda walioletwa na mawakala. Na wagonjwa waliolazwa kwa shambulio la moyo walikufa wengi zaidi kuliko mahali pengine. Hapo, wasomaji wetu, shauri la mshahara huacha kuwa shauri la fedha tu. Lagusa amri ya tano ya Mungu.

Malawi, nchi iliyo maskini kuliko yetu, ilipoona wauguzi wake wanaondoka kwenda Ulaya, ilianza mwaka 2004 mpango wa dharura, ikaongeza mishahara ya wahudumu wa afya kwa asilimia 52 kwa msaada wa wafadhili, na watumishi wa hospitali za Makanisa hawakusahauliwa. Twalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaotuambia kuwa nchi maskini haiwezi kitu.

Kanisa halikunyamaza katika jambo hili. Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mapatano ya hiari peke yake hayaufanyi mshahara kuwa wa haki. Wapaswa kumtosha mfanya kazi mwenye kiasi kwa maisha yake. Pius XI mwaka 1931 aliongeza kwamba utazamwe pia kwa kipimo cha jamaa ya mfanya kazi. Yohane XXIII mwaka 1961 alitaka pamoja na hayo tuangalie uwezo wa mahali pa kazi na manufaa ya watu wote, na Yohane Paulo II mwaka 1981 aliuona mshahara wa haki kuwa ndiyo njia ya kupima kama utaratibu mzima wa uchumi ni wa haki. Tusisahau kwamba jamaa ambayo Mababa hawa waisema hula na kulala mahali fulani. Haili katika jedwali la mishahara. Hula Mbagala, hula Ukerewe. Kuuliza kama mshahara watosha bila kuuliza watosha wapi, ni kuuliza nusu ya swali.

Sasa yatubidi kusema neno juu ya nyumba yetu wenyewe, maana si haki kuinyoshea Serikali kidole na kuficha mkono wa pili. Hospitali nyingi za Kanisa zajengwa mbali, mahali ambapo wengine hawakutaka kwenda, nazo ni fahari yetu. Lakini katika baadhi yake neno "wito" limegeuka kuwa sarafu ya kulipia. Mwuguzi akiuliza juu ya mshahara huambiwa akumbuke wito wake. Sisi twaamini kwamba kazi ya uuguzi ni wito kweli. Ila yafaa kutofautisha. Sista aliyeweka nadhiri ya ufukara ana nyumba ya shirika juu ya kichwa chake, ana meza ya pamoja, na akizeeka dada zake watamtunza. Mama mwuguzi mwenye watoto watatu hakuweka nadhiri hiyo. Aliweka nadhiri ya ndoa, nayo yamdai ada, sare na mkate wa kila siku. Kumtaka aishi ufukara wa kitawa bila paa la kitawa ni kumtwika mzigo ambao Kanisa halikumtwika. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mwuguzi akiondoka misioni kwenda kwingine alipwako vizuri zaidi, tusimwite msaliti.

Twajua ugumu ulioko. Hospitali ya misioni ikipandisha malipo, maskini atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Na malipo ya bima yakichelewa, mishahara nayo huchelewa. Mkono wa Serikali hapa ni wa lazima, na mapatano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa yaliwekwa kwa sababu hiyo. Katika hospitali teule za wilaya watumishi wengi hulipwa na Serikali. Lakini yako mambo yasiyongoja bajeti kubwa. Misioni nyingi zina ardhi: mwuguzi apewe kipande alime. Nyumba tatu za watumishi kando ya hospitali zaweza kufaa kuliko nyongeza ndogo inayomezwa na kodi. Ada ya mtoto yaweza kupunguzwa katika shule ya jimbo lile lile. Na mshahara, uwe mdogo au mkubwa, utoke siku yake. Torati iliamuru mtu maskini alipwe kabla ya jua kutua, naye Mtume Yakobo afundisha kwamba ujira uliozuiliwa una sauti inayofika kwa Mungu.

Wako watakaosema kwamba twawachochea wauguzi. Kinyume chake. Kenya iliona mwaka 2017 mgomo wa wauguzi ulioanza Juni ukaisha Novemba, na walioumia zaidi walikuwa wagonjwa wasio na fedha ya kwenda hospitali za kulipia. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaihesabu kazi ya afya kuwa huduma muhimu, nayo yawazuia watumishi wake kugoma, ugomvi wao upelekwe mbele ya wapatanishi. Twaiona sheria hiyo kuwa na busara. Lakini amfungaye mtu kinywa kwa ajili ya usalama wa wote, awajibika kumsemea. Tanzania iliridhia mwaka 1983 mkataba wa kimataifa wa mwaka 1977 juu ya wauguzi, unaotaka wapewe hali ya kazi na malipo yatakayowavuta watu katika kazi hiyo na kuwadumisha humo. Twaomba Waheshimiwa Wabunge wetu waukumbuke wakati wa bajeti ya afya.

Hatuwaoni kuwa na haki wale wadaio fedha ya "soda" kwa mama aliye katika uchungu. Hiyo ni dhambi, na mshahara mdogo hauitakasi. Walakini mwajiri amwachaye mtumishi wake na njaa karibu na mlango wa majaribu, naye atatoa hesabu yake.

Nanyi wenye nyumba za kupangisha karibu na hospitali, ambao wengi wenu twawaona kila Dominika kanisani: mwuguzi kijana akija kwenu, mpokeeni kwa kodi ya mwezi au ya miezi mitatu. Nanyi wazazi, binti yenu akianza kazi msimhesabie mshahara wake wote siku ya kwanza kwa ada ya wadogo zake na bati la nyumba. Mwulizeni kwanza analipa kiasi gani kwa chumba na kwa nauli.

Swali hilo hilo twaliomba liulizwe katika bodi za hospitali za majimbo yetu, zinapokaa kupanga matumizi ya mwaka. Mjumbe mmoja atumwe sokoni na kwa wenye nyumba wa mahali pale, alete bei ya gunia la mkaa, ya debe la unga, ya chumba kimoja na ya nauli ya mwezi, ziandikwe ubaoni kando ya mshahara wa mwuguzi wa ngazi ya chini, na kikao kisifungwe kabla wajumbe hawajazijumlisha.