Deni la Wafu wa Mbali

Je, mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita, katika nchi ambayo wewe hujaikanyaga na yamkini hutaikanyaga, anakudai chochote? Swali hili laweza kuonekana la kipuuzi. Watu hudaiana wakiwa hai, na mkopeshaji akifa, warithi wake ndio wanaokuja kubisha hodi. Lakini kila anayesimulia mambo ya kale, awe mwalimu darasani au mzee barazani, huwasema watu ambao hawapo kujibu. Katika desturi zetu kumsema mtu asiyekuwapo kuna jina lake, nalo ni kusengenya. Tunaambiwa pia kwamba marehemu hasemwi vibaya. Mwalimu wa historia hawezi kuifuata desturi hiyo ya pili hadi mwisho, maana kazi yake ni kuwasema marehemu, na wengi wao walikuwa waovu. Linalobaki kwake ni kwamba akiwasema, awe na ushahidi.

Kwa muda mrefu sisi tuliofundisha historia ya Ulaya katika nchi hizi tulikuwa na udhuru wa kutosha. Ushahidi ulikuwa Paris, London na Berlin. Sisi tulikuwa na rafu moja. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, kitabu cha David Thomson juu ya Ulaya tangu enzi ya Napoleon kilikuwa na nakala mbili kwa wanachuo arobaini, na moja kati ya hizo ilikuwa imeng'oka jalada kwa kupokezanwa. Alichosema Thomson ndicho kilichokuwa. Kama alimwonea mtu, sisi tuliyabeba maneno yake kama tarishi abebavyo barua iliyofungwa, na tarishi halaumiwi kwa yaliyomo ndani.

Udhuru huo sasa umepungua sana. Tangu mwaka 1997 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imekuwa ikiweka hazina yake katika intaneti kwa jina la Gallica: vitabu, magazeti, ramani na hati za mkono kwa mamilioni. Nchi za Ulaya zilipofungua mlango wao wa pamoja uitwao Europeana, mwezi Novemba mwaka 2008, watu walifurika siku ile ile hata mitambo ikazidiwa na mlango ukafungwa kwa muda. Huko Marekani Internet Archive imekuwa ikikusanya tangu 1996, na Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Yale kina mkusanyo uitwao Avalon, ambamo mikataba mikubwa ya Ulaya imewekwa neno kwa neno. Mtu mwenye simu ya mkononi na kifurushi cha siku moja anaweza kusoma Mkataba wa Versailles wa 1919, akaenda moja kwa moja kwenye ibara ya 231, ile inayosemwa kuwa iliitwisha Ujerumani hatia yote ya vita, akajionea kwamba neno hatia halimo. Lililomo ni neno la dhamana kwa hasara na uharibifu, na washirika wa Ujerumani wametajwa pamoja nayo. Tofauti hiyo si ndogo kwa anayetaka kuelewa hasira iliyofuata.

Hapa ndipo swali langu linapopata makali. Barua iliyokuwa imefungwa sasa iko wazi. Je, tarishi anayeendelea kuibeba bila kuisoma bado hana lawama?

Chukua mfano wa Malkia Marie Antoinette. Karibu kila aliyesoma Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 amesikia kwamba malkia huyu, alipoambiwa wananchi hawana mkate, alijibu kuwa basi wale keki. Habari hii inapendeza kuifundisha. Huamsha darasa saa nane za mchana wakati wa joto, na kwa sentensi moja huonyesha jinsi watawala walivyokuwa mbali na njaa ya watu. Sasa fungua sehemu ya sita ya kitabu cha Jean-Jacques Rousseau kiitwacho Maungamo, kinachopatikana bure Gallica kwa Kifaransa na Project Gutenberg kwa Kiingereza. Humo Rousseau anakumbuka habari za binti mfalme mmoja, asiyemtaja jina, aliyetoa jibu la namna hiyo, na kinachotajwa si keki bali mkate mtamu wa siagi na mayai ambao Wafaransa huuita brioche. Sehemu hiyo iliandikwa katika miaka ya 1760. Marie Antoinette alizaliwa Vienna mwaka 1755, na hakuletwa Ufaransa kuolewa hadi mwaka 1770. Wakati Rousseau anashika kalamu, mtuhumiwa wetu alikuwa mtoto katika jumba la mama yake huko Austria.

Msomaji anaweza kuniuliza, na nimekwisha kuulizwa, kuna hasara gani. Alikuwa malkia, aliishi kwa anasa, watu walikufa njaa. Akisingiziwa neno moja zaidi nani ameumia? Jibu langu ni kwamba mama huyu alikuwa na makosa ya kweli. Mwaka 1792, nchi ikiwa inaelekea vitani, aliwapenyezea Waaustria habari za mipango ya majeshi ya Ufaransa, na barua zake zipo. Kosa hilo ni zito kuliko mkate wa aina yoyote. Lakini muulize mwanafunzi, naye atakutajia keki. Uongo mtamu umeufukuza ukweli mchungu kitini pake.

Hata hivyo sitaki nionekane nasema kwamba mlango ukiwa wazi kazi imekwisha. Maktaba hizi hazina mkutubi wa kukuuliza unatafuta nini na kukuelekeza rafu. Anayeandika maneno mawili katika kisanduku cha kutafutia na kushika la kwanza linalojitokeza atapata, mara tisa kwa kumi, maneno ya mtu mwingine ambaye naye hakusoma hati yenyewe. Inampasa aende kwenye orodha ya maktaba husika, atafute kwa jina la mwandishi na kwa tahajia ya zamani za mwandishi huyo, kisha aitazame picha ya ukurasa wenyewe, si maandishi yaliyonakiliwa na mashine peke yake. Chapa za Kiingereza na Kifaransa za karne ya 17 na ya 18 zilitumia s ndefu inayofanana sana na f, na mashine mara nyingi huikosea. Neno lako limo, ila limevaa herufi nyingine. Basi anayetafuta akakosa asiharakishe kutangaza kwamba halimo. Nimeona pia, katika picha za vitabu vilivyopigwa kwa haraka, kidole cha mfanyakazi aliyekuwa akifunua kurasa kimebaki pembeni. Hunifurahisha kukiona. Hunikumbusha kwamba hata maktaba hii ya hewani kuna mtu aliyeketi akaifunua karatasi kwa karatasi, pengine kwa ujira mdogo.

Na lugha ni kufuli la pili baada ya mlango. Mwaka 1440 Mwitalia Lorenzo Valla aliishughulikia hati maarufu ambayo kwayo, ilidaiwa, Kaisari Constantine wa karne ya 4 alimkabidhi Papa utawala wa nchi za magharibi. Wengi walikuwa wameiona hati hiyo kabla yake. Valla alikuwa anakijua Kilatini, akaonyesha kwamba maneno yaliyomo hayakuwa ya zama za Constantine hata kidogo. Leo mashine hututafsiria, nami nazitumia kwa shukrani, lakini mashine ingempa Valla maana ya hati ile kwa lugha safi ya leo, na ile harufu ya uongo ingepotea njiani.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo linanisumbua zaidi, nililoambiwa na mwalimu kijana ambaye simwoni kuwa mjinga. Alisema: Mzee, hao Wazungu waliandika juu ya babu zetu kwamba hawakuwa na historia. Hawakutafuta ushahidi wala hawakuona deni. Kwa nini mimi nikeshe, nimalize fedha zangu za kifurushi, ili nisimwonee Bismarck?

Nilimjibu kwa Mkutano wa Berlin, kwa kuwa huo ni wa Ulaya na ni wetu pia. Ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 ukafungwa tarehe 26 Februari 1885, na dola 14 zilihudhuria. Madarasani husimuliwa kwamba wakubwa hao walitandaza ramani mezani, wakashika rula, wakaikata Afrika kama mkate. Hati ya Mkutano huo ina ibara 38, na matini yake yamo katika maktaba kadhaa za mtandaoni. Isome yote, ni kazi ya jioni moja. Utakuta uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, usafiri wa meli katika mito ya Kongo na Niger, maneno juu ya biashara ya watumwa, na mwishoni, katika ibara za 34 na 35, masharti ya dola inayotaka kutwaa sehemu mpya ya pwani: iwaarifu wenzake, na iwe na mamlaka ya kutosha mahali hapo. Ibara inayoigawa Afrika haimo. Mipaka ilichorwa katika mapatano ya dola mbili mbili, kabla, pembeni na baada ya mkutano. Mstari unaotenganisha Kenya na Tanzania ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na ya tarehe 1 Julai 1890.

Kijana akasema, basi unawatetea. La, hasha. Fikiri kama wakili. Ukimshtaki mtu kwa kuiba ng'ombe usiku wa Jumatatu, naye usiku huo alikuwa hospitali, ataachiwa huru, hata kama ng'ombe alimwiba Jumanne. Shtaka la rula na ramani ni shtaka la Jumatatu. Wakili wa upande wa pili ataifungua hati, ataonyesha kwamba mstari haumo, na wasikilizaji watadhani kesi nzima imeanguka. Shtaka la Jumanne ndilo hili: watu waliketi miezi mitatu na zaidi kupanga masharti ya kutwaa mali ya wengine, na hakuna mtawala hata mmoja wa Kiafrika aliyealikwa kusema neno. Katika ibara ya 6 waliahidi kulinda maisha na ustawi wa wenyeji. Kisha soma, katika maktaba hizo hizo, taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyochapwa mwaka 1904, juu ya yaliyokuwa yakitendeka Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Ziweke hati hizo mbili ubavu kwa ubavu. Na tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa barua ya ulinzi kwa jumuiya ya Carl Peters, kwa nchi za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami ambazo Peters alikuwa amezitia katika makaratasi yake miezi michache kabla. Sijui rula ambayo ingeweza kusema zaidi ya tarehe hiyo.

Kwa upande mwingine kijana yule alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuimaliza, nayo ni ya fedha. Milango haikufunguliwa kwa kipimo kimoja. Vitabu vilivyo huru ni vile ambavyo haki ya kunakili imekwisha muda wake, maana yake vya zamani. Uchunguzi wa miaka hii, uliosahihisha makosa ya wale wa kale, mwingi umewekwa nyuma ya lango la malipo. Basi msomaji maskini hulishwa kiporo: hupewa bure wanahistoria wa karne ya 19 pamoja na majivuno yao yote, na wale waliowakosoa huambiwa alipie. HathiTrust, maktaba ya pamoja ya vyuo vikuu iliyoanza 2008, hutazama hata mahali ulipo. Kuna vitabu vinavyofunguka kwa aliye Marekani, na kwa aliye hapa havifunguki. Deni haliwezi kuwa sawa kwa watu wasio na njia sawa ya kulilipa. Mwenye maktaba ya chuo kikuu kikubwa akimsingizia marehemu, lawama yake ni nzito. Mwalimu wa kijijini mwenye kifurushi cha siku moja nitamhukumu kwa alichoweza kukisoma, na kwa kama alisema wazi kwamba hapa namnukuu fulani, hati yenyewe sijaiona.

Siku hizi nasoma madaftari ya malalamiko ambayo Wafaransa waliyaandika mwaka 1789, kila parokia na kila mji, kabla ya Baraza Kuu la tabaka tatu kukutana. Mengi yamechapwa katika juzuu za kwanza za Kumbukumbu za Bunge, ambazo Chuo Kikuu cha Stanford na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa wameziweka mtandaoni. Nakwenda polepole, kamusi pembeni. Wanakijiji wanalalamikia kodi ya chumvi, wanalalamikia njiwa na sungura wa bwana wanaokula nafaka shambani bila mtu kuruhusiwa kuwagusa. Nasikia sauti ya mkulima kabisa. Halafu nakutana na sentensi ndefu juu ya uhuru na katiba, kisha naikuta tena, karibu vile vile, katika daftari la kijiji cha pili, na cha tatu. Kulikuwa na vielelezo vilivyosambazwa, na aliyeshika kalamu aghalabu alikuwa wakili au mwamuzi wa kijiji. Yule mwenye njiwa shambani hakujua kuandika. Alisimama nyuma, akasomewa, akaitikia, au hakuitikia. Jina lake halimo, wala hakuna mahali pa kulitafuta.