Kiingilio cha Haki

Msomaji, huenda ukaona kwamba swali la kiingilio cha mpira ni dogo mno kuandikiwa insha. Mtu hutoa fedha mlangoni, hupewa tiketi, huingia, hushangilia au huhuzunika, kisha hurejea kwake. Asiye na fedha hubaki nje ya ukuta akisikiliza kelele. Lakini kila palipo na bei pana mtu aliyeipanga, na aliyeipanga alikuwa na wazo moyoni juu ya kinachostahili kutozwa, na atozwe nani. Wazo hilo laweza kuwa la haki au la dhuluma. Nataka tulichungue pamoja. Wala si katika klabu kubwa za dunia, ambazo televisheni huzimwagia mali, bali katika klabu ndogo, ambazo fedha za mlangoni ndizo damu yao.

Wako watu wasemao kwamba jambo hili halina fumbo. Bei ya haki, wanasema, ni ile ambayo mnunuzi ameitoa kwa hiari yake; kama imemshinda, na aache. Kauli hii ni nzuri sokoni. Duka moja likizidisha bei ya sukari, mnunuzi huvuka barabara akaingia duka la pili, na sukari haibadiliki utamu kwa kuuzwa na mtu mwingine. Lakini fikiri mtu aliyezaliwa Kisii, akapelekwa na baba yake uwanja wa Gusii kuitazama Shabana angali mdogo, akaingoja timu hiyo tangu iliposhuka daraja mwaka 2006 hata iliporudi ligi kuu mwaka 2023. Mtu huyo hawezi kuambiwa kwamba kiingilio kikimlemea akaishangilie timu ya mji mwingine. Wahenga walisema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mwenye kupanga bei akisikia kikohozi hicho hutambua mara moja kwamba mteja wake hana duka la pili, na kwamba aweza kuongezewa mzigo leo na kesho asiondoke. Hapo hiari si hiari kamili. Anayelipa kwa sababu hawezi kuacha hajatoa ushahidi kwamba bei ni ya haki. Ametoa ushahidi wa mapenzi yake tu. Kumtoza mtu zaidi kwa kuwa ni mwaminifu ni kuugeuza uaminifu wake kuwa kosa lenye faini.

Jambo hili lilionekana waziwazi nchini Uingereza. Tarehe 6 Februari 2016 Liverpool ilikuwa ikicheza na Sunderland, na wenye klabu walikuwa wametangaza kwamba tiketi ya juu kabisa katika msimu uliofuata ingeuzwa pauni 77. Ilipofika dakika ya 77 watazamaji wapatao 10,000 waliinuka wakatoka. Timu yao ilikuwa mbele kwa mabao mawili kwa bila. Kabla ya filimbi ya mwisho Sunderland ilikuwa imeyarudisha yote mawili. Siku chache baadaye wenye klabu waliomba radhi na kuiacha bei ile. Liverpool si klabu ndogo, nami naitaja ili tuone tofauti. Huko, nyuma ya kila aliyetoka palikuwa na mwingine aliyekuwa tayari kukikalia kiti chake, na klabu ya namna hiyo yaweza kujitetea kwamba viti ni vichache na wavitakao ni wengi, kwa hiyo bei ndiyo ichaguayo. Klabu ndogo haina utetezi huo. Viti vyake vingi hukaa vitupu. Mtu anapogeuzwa mlangoni kwa kupungukiwa na shilingi hamsini, hali ndani pana safu nzima isiyokaliwa, hakuna aliyefaidika: klabu imekosa fedha, mtu amekosa mchezo, na wachezaji wamekosa sauti moja ya kuwatia moyo.

Usikimbilie kusema, basi, milango na iachwe wazi. Nyuma ya mchezo mmoja wa dakika 90 wako watu wengi ambao mtazamaji hawaoni: mkata majani, mfua jezi, dereva, daktari, mlinzi wa mlango, na wachezaji wenyewe, ambao katika klabu ndogo si matajiri hata kidogo. Kiingilio kikiwa kidogo kuliko gharama, upungufu huo haupotei hewani. Yuko mtu anayeubeba, na mara nyingi ni yule asiye na sauti mkutanoni. Klabu ya Bury, kaskazini ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1885, ilipanda daraja mwaka 2019 hali wachezaji wake hawajalipwa mishahara. Iliahidi zaidi ya uwezo wake. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo ilifukuzwa katika ligi, na uwanja wake wa Gigg Lane ukafungwa. Timu yenye jina hilo haikucheza tena hapo mpaka mwaka 2023. Sisemi kwamba viingilio ndivyo vilivyoiua Bury, maana magonjwa yake yalikuwa mengi. Nasema kwamba furaha ya jukwaani inayolipwa kwa mshahara wa mtu mwingine si ukarimu wa klabu, hata kama jukwaa limejaa na kila mtu anaimba.

Katika jambo hili Waingereza waliwahi kupita kiasi upande wa pili. Mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya ligi yao kuanzishwa, waliweka sheria kwamba mtu mzima asitozwe chini ya peni sita. Fikiri ajabu yake: sheria iliyoikataza klabu kumhurumia maskini! Lakini haikuwa upuuzi mtupu. Ilikuwa kinga ili klabu zisishindane kwa kushusha bei hata zote zikaanguka.

Iko njia nyingine, nayo ni kumtafuta tajiri au kampuni alipe, watu waingie bure. Mjini Düsseldorf, Ujerumani, klabu ya Fortuna ilianza jambo hilo mwezi wa Oktoba 2023 kwa michezo michache, gharama zikibebwa na makampuni, na uwanja mkubwa ukafurika. Nasi hapa Kenya tuna klabu nyingi zenye mwajiri nyuma yake: Bandari ni ya mamlaka ya bandari, Ulinzi Stars ni ya jeshi, KCB ni ya benki. Klabu hizo zaweza kuweka kiingilio chochote zipendacho, kwa kuwa mshahara wa mchezaji hautoki mlangoni. Sina ugomvi na mpango huo, ila una neno moja la kuangaliwa. Anayelipa kwa niaba yako aweza kuacha kulipa bila kukuuliza. Mwaka 2019 kampuni moja ya kamari ilipoondoa ufadhili wake nchini, Gor Mahia na AFC Leopards, ambazo ni mali ya mashabiki, zilijikuta ghafula katika dhiki. Shabiki aliyezoea kuingia kwa fedha za mwingine hana la kudai siku hiyo. Aliyetoa shilingi yake, hata ikiwa moja, ana haki ya kuuliza ilikokwenda.

Sasa tufike kwenye tiketi ya msimu, ambayo kwetu haijawa desturi kubwa, kwani wengi wetu hulipa siku ya mchezo, mlangoni au kwa simu. Huko Ulaya mtu hulipa mara moja, kabla ligi haijaanza, akapata michezo yote ya nyumbani kwa bei nafuu. Bradford City, ikiwa katika daraja la tatu, iliuza tiketi ya msimu wa 2015 hadi 2016 kwa pauni 149. Michezo ya nyumbani katika daraja hilo ni 23. Ukigawanya utaona kwamba kila mchezo ulikuwa chini ya pauni 7, bei iliyo ndogo mno kwa nchi ile. Watu waliisifu klabu, nao walistahili kuisifu.

Lakini tuitazame tiketi hiyo kwa jicho la mtu mwenye kibarua. Tuseme wako jirani wawili, wote wapenzi wa timu moja. Wa kwanza ni karani mwenye mshahara wa mwezi. Mwezi wa Juni hutoa fedha zote kwa pamoja na kupata kila mchezo kwa bei nafuu. Wa pili ni mwashi, hulipwa siku anayofanya kazi na halipwi siku ya mvua. Hana namna ya kushika fedha za msimu mzima mkononi kwa siku moja, kwa hiyo hulipa mlangoni kila wiki. Msimu ukiisha, mwashi aliyehudhuria michezo yote amelipa zaidi sana kuliko karani, kwa kukaa benchi lile lile na kunyeshewa mvua ile ile. Maskini amelipa zaidi kwa sababu ni maskini. Jambo hili utaliona pia dukani kwenu, kwa mtu anunuaye mafuta ya kupikia kwa kipimo cha shilingi ishirini kila jioni: mwisho wa mwezi amemzidi kwa gharama yule aliyenunua mtungi.

Je, hii ni dhuluma? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Klabu ndogo haina mapato katika miezi ambayo hakuna michezo, na mishahara haingoji. Karani anayelipa mwezi wa Juni kwa kweli ameikopesha klabu yake. Amebeba pia hatari kwamba timu itacheza vibaya au hata itavunjika, kama Bury. Nafuu aliyopewa ni shukrani kwa mkopo huo, na mkopeshaji hustahili shukrani. Kwa hiyo kosa haliko katika kuwapo kwa nafuu, liko katika ukubwa wake na katika mlango mmoja tu wa kuipata. Nafuu ikiwa ndogo, ni shukrani. Ikiwa kubwa mno, hugeuka kuwa kodi ya mwashi anayelipiwa karani. Klabu yenye busara humruhusu mwashi alipe kwa mafungu bila nyongeza, au humhesabia kila mchezo aliolipia, hata akishafikisha bei ya tiketi ya msimu aingie michezo iliyobaki bila malipo. Hesabu ya namna hiyo zamani ingalitaka daftari na makarani wengi. Leo simu iliyo mfukoni mwake yatosha.

Iko klabu moja iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 baadhi ya mashabiki wa Manchester United, waliochukizwa na kununuliwa kwa klabu yao, walijitenga wakaunda timu yao wenyewe, FC United of Manchester. Kila mwanachama ana kura moja, awe amechangia nyingi au chache. Kwa miaka mingi walikuwa wapangaji katika uwanja ule ule wa Gigg Lane, hata walipojenga wao mwaka 2015. Mwaka 2009 waliamua kwamba tiketi ya msimu iwe na kiwango cha chini tu, na juu ya hapo kila mtu alipe kadiri ya uwezo wake.

Msomaji wa Kenya hatashangazwa sana na habari hii, maana sisi tumejenga shule na zahanati kwa harambee, na harambee haina bei. Anayeleta kuku na anayeleta hundi wote wamechangia. Lakini wewe umepata kuhudhuria harambee, nawe wajua aibu yake: majina husomwa kwa kipaza sauti, kiasi cha kila mtu hutajwa, mkubwa hupigiwa makofi, na mwenye kidogo hutamani ardhi ipasuke imfiche. Wako waliokopa ili wasiaibike. Katika mpango wa tiketi jambo hili ni la lazima kuzuiwa. Kiasi alichotoa mtu na kiwe siri baina yake na mhasibu, na tiketi zote ziwe za rangi moja. Mwashi na karani wakiketi pamoja, asiwepo wa kujua nani alitoa nini.

Utauliza: je, mwenye uwezo hatasema uongo akalipa kiwango cha chini? Wengine watasema uongo, bila shaka. Lakini mpango wa bei moja kwa wote nao una hasara yake, ila haionekani: ni wale wasiokuja. Mdanganyifu huhesabika, kwa kuwa yumo ndani. Aliyeshindwa na bei haandikwi popote, na mhasibu humsahau kwa urahisi. Kama mimi ningepewa kuchagua, ningependelea kupunjwa na watu wachache walio ndani kuliko kuwafungia nje wengi nisiowajua. Tena yaonekana kwangu kwamba mtu huona haya kumwibia jirani kuliko kumwibia bwana mkubwa asiyemjua. Na katika klabu ambayo kila mmoja ana kura na husomewa hesabu za mwaka, hakuna bwana mkubwa wa kuibiwa.

Limebaki jambo moja linalokuhusu wewe hasa. Klabu nyingi huwapunguzia watoto kiingilio, na kipimo chao ni umri. Mwanafunzi akiwa na miaka 17 hulipa nusu. Siku akitimiza 18 hutozwa kama mtu mzima, ingawa angali shuleni na mfuko wake ni ule ule wa jana. Wakati huo huo kijana wa miaka 16 aliyekwisha kuacha shule, na kuajiriwa katika gereji, bado hulipa nusu. Mlinzi wa mlango huuliza miaka kwa sababu miaka ni rahisi kuulizwa. Kitambulisho cha shule nacho ni rahisi kuonyeshwa, na klabu ikiamua kukikubali, haitahitaji kumwuliza mwanafunzi neno jingine lolote.