Saa Tatu Zina Bei Gani Ahero?

Anayetoka Ahero kwenda Nairobi kwa ndege huanza safari kwa kuipa Nairobi mgongo. Anapanda matatu kuelekea magharibi, anapita Rabuor na Nyamasaria, anavuka jiji zima la Kisumu, kisha anashika barabara ya Busia hadi uwanjani. Mwenzake wa basi husimama hapa hapa stejini, penye njia panda ya Kisii, akangoja magari yanayotoka Kisumu yamchukue. Nayataja haya kwa sababu hesabu nyingi za nauli ninazozisikia hupigwa kana kwamba mtu hulala uwanjani na kuamkia uwanjani.

Ndege ya Kisumu huwa hewani kwa dakika hamsini hivi, wakati mwingine pungufu. Ongeza saa nzima ya kufika uwanjani kutoka Ahero, saa nyingine na zaidi ya kukaguliwa na kungoja, na saa moja ya kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi mahali hasa unakokwenda. Umetumia saa nne na ushee. Basi, kama hakuna msongamano Nakuru na mvua haijaharibu mambo, huchukua saa saba au nane. Kwa hiyo anayelipa nauli ya ndege, ambayo mara nyingi huzidi ile ya barabarani mara nne au tano, ananunua saa tatu au nne. Hiyo ndiyo bidhaa iliyo sokoni. Nataka kujua ina thamani gani, na kwa nani.

Wapo wanaosema jibu ni jepesi: gawanya mshahara wako kwa saa unazofanya kazi, ulinganishe saa yako moja na nyongeza ya nauli, uamue. Njia hiyo hainiridhishi hata kidogo, kwa sababu inamaanisha kwamba asiye na mshahara hana muda wa kupoteza. Anayesema hivyo aende mashamba ya mpunga ya hapa Ahero, yanayomwagiliwa maji ya Mto Nyando tangu miaka ya sitini, wakati punje zinapoanza kujaa maziwa. Shamba haliachwi tangu alfajiri hadi jua litue. Ndege aina ya kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na kundi likitulia pale kwa muda mfupi tu, kazi ya miezi inapungua mbele ya macho yako. Mkulima akiitwa Nairobi kwa siku mbili, lazima aache mtu wa kuwafukuza, amlipe, na awe mtu wa kuaminika. Siku yake iliyoishia barabarani huhesabiwa kwa magunia. Hapandi ndege kwa kuwa kabla ya mavuno hana pesa mkononi. Muda anao wa thamani kubwa sana, tena wenye saa maalumu, na hakuna hati ya mshahara inayouonyesha.

Kuna na zile saa ambazo si za mtu mmoja. Ukiwa Nairobi, simu inapoingia usiku kutoka hospitali ya Jaramogi, ile ambayo watu wa Kisumu wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na sauti ya ndugu yako ikasema, "Mzee amezidiwa, njoo," hapo hakuna wa kuuliza nauli ni mara ngapi ya basi. Mimi nilikopa kwenye chama kwa ajili ya simu kama hiyo. Nilimkuta baba ana fahamu, akanishika mkono, tukazungumza. Deni lile nililipa kwa miezi mingi, na kila nilipopeleka fungu langu nilikuwa na shukrani kwamba nafasi ya kukopa ilikuwepo. Wengi hawana chama wala ndugu wa kuwakopesha. Wao hufika Jumamosi asubuhi, kwa basi la Ijumaa usiku, mzee akiwa ameshaaga.

Na barabara yenyewe tusiisahau. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia pale njia panda ya Londiani likawapitia wafanyabiashara na magari yaliyosimama kando. Watu zaidi ya 50 wakafa. Hapo ndipo mabasi yetu ya Nairobi hupita kila siku. Mtu akiniambia anapanda ndege kwa sababu anaiogopa barabara hiyo, simwoni kuwa mwenye majivuno.

Mpaka hapa nimesema habari ya muda. Kiti cha mbele, kile cha daraja la kwanza, ni habari nyingine kabisa. Ndege za Jambojet zinazotuhudumia hapa Kisumu zina daraja moja, kwa hiyo anayepanda hizo hakutani na swali lenyewe mpaka afike mbali zaidi. Tazama treni ya SGR ya Nairobi na Mombasa: nauli zilipopandishwa Januari 2024, daraja la kawaida likawa shilingi 1,500 na la kwanza shilingi 4,500. Mabehewa yote yamo kwenye treni moja. Aliyelipa mara tatu anafika Mombasa dakika ile ile na yule wa 1,500. Ndege kubwa za Dreamliner za Kenya Airways, zinazoruka moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, zina viti 30 mbele na 204 nyuma, na safari ya kwenda ni kama saa kumi na tano kwa wote 234. Wa mbele hutangulia kushuka, na mizigo yao hutangulia kutoka. Zaidi ya dakika hizo, muda hawakununua.

Walichonunua ni kulala wamenyooka, na utulivu, na heshima. Hiyo ya tatu ndiyo inayonisumbua. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na leo ni Kisumu, ilikuja na madaraja yake, na kwa miaka mingi la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Mtu mzima alipanda treni akiwa ameshaambiwa thamani yake kabla hajakaa. Naelewa kabisa kwa nini wazee wetu waliopata kazi za serikali baada ya Uhuru walitaka kukaa mbele, na kuonekana wamekaa mbele. Lakini hamu ile imeishi muda mrefu kuliko dhuluma iliyoizaa, na leo wanaoigharamia kwa kodi zao mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kuona ndani ya ndege.

Mwanasiasa aliyezielewa nauli kuliko wengi alitoka ziwani humu humu, katika familia ya Rusinga. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuwa na vijana walioahidiwa nafasi katika vyuo vya Marekani, na kizuizi chao kikubwa kilikuwa tiketi. Huko Marekani, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Huku nyumbani koo na vijiji vilichanga. Septemba mwaka huo ndege ya kukodi ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili wengine waende. Katika ndege ile kila shilingi iliyookolewa kwenye kiti kimoja ilisogeza karibu kiti cha kijana mwingine. Kipimo hicho ndicho ninachopimia tiketi yoyote iliyolipwa na umma.

Novemba 2015 John Magufuli aliliambia Bunge la Tanzania kwamba safari za nje za maofisa zilikuwa zimekula shilingi za nchi hiyo zaidi ya bilioni 350 katika miaka miwili ya fedha, na kwamba pesa hizo zingejenga kilomita 400 za lami. Serikali yake ikazibana safari hizo, na viti vya mbele vikaachiwa viongozi wakuu wachache. Mengi ya utawala wake nayapinga. Swali la pesa hizo zingefanya kazi gani nyingine lilikuwa halali, na sisi hatujaliuliza vya kutosha. Nyando inapovunja kingo, familia za uwanda wa Kano huhamia mashuleni na kandokando ya barabara na magodoro yao. Mwakilishi wadi anayekwenda ziara ya mafunzo ng'ambo, ripoti yake na itaje daraja aliloketi na bei yake, watu hawa waisome. Daktari anayeshuka kwenye ndege na kuingia moja kwa moja chumba cha upasuaji mimi nitamlipia kitanda cha mbele kwa moyo mkunjufu, maana usingizi wake ni sehemu ya kazi. Wa ziara ya mafunzo anaweza kulala akifika hotelini.

Mwaka huu swali limeingia nyumbani kwetu. Dada yangu aliyeko Minnesota amejifungua, na Mama anakwenda kumsaidia kulea. Mama amevuka sabini. Magoti yake huvimba hata kwa ibada ndefu. Wakala wa tiketi alitutajia laki moja na nusu kwa kiti cha nyuma, na laki nne kwa cha mbele. Mimi nilisema tulipe laki nne, tuchange, maana mwili ule ulibeba mbolea, maji na sisi. Shangazi alinijibu kwa hesabu. Karo iliyowekwa na serikali kwa shule ya kitaifa ya bweni imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Miaka mitatu ni shilingi 160,662. Tofauti ya viti viwili inamsomesha mtoto wa marehemu kaka yetu tangu mwanzo hadi mwisho, na chenji inabaki. "Mnanunua usiku mmoja," alisema, "kwa bei ya miaka yake mitatu."

Sikuwa na jibu la pesa. Nilichokuwa nacho ni hofu ya damu kuganda miguuni, na hiyo nikaenda kuisoma. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo kama maradufu, ingawa bado ni hatari ndogo, na kwamba basi, gari na treni hazina tofauti na ndege. Wala kiti cha mbele si kinga kwa asiyesimama kunyoosha miguu. Muuguzi wa zahanati alimpa Mama ushauri wa soksi za kubana na kunywa maji. Msaada wa kiti cha magurudumu uwanjani, kumbe, mashirika ya ndege huutoa bila malipo kwa anayeuomba mapema. Nauli kidogo ya ziada inatosha kupata kiti chenye nafasi ya miguu, kando ya njia.

Mama alitusikiliza wote kisha akakata shauri. "Mwanangu, nikilala juu ya karo ya mtoto huyu usingizi hautakuja. Nipeni kiti cha kando ya njia, nitasimama nikitaka." Tulimkatia hicho, na karo ya mwaka wa kwanza imelipwa.

Bado nafikiri nilikuwa na haki ya kuomba. Mtu aliyefanya kazi kwa magoti maisha yake yote asilazimike kila mara kuchagua kati ya starehe yake na masomo ya mjukuu, na kwamba yeye huchagua masomo bila kusita hakutuondolei wajibu. Tiketi yake ya kurudi inaruhusu kupandishwa daraja. Atakuwa ametoka kwenye baridi ya huko, baada ya miezi ya kubeba mtoto usiku. Nimeanza kuweka pembeni kidogo kidogo, nje ya fungu la karo, na Shangazi nimemwonyesha daftari. Amesema akiba ikitosha yeye ndiye atakayempigia Mama simu kumwambia.